Kutoka Meza ya Mashtaka hadi Kiti cha Jaji

Ndugu wananchi wa Busia, Malaba, Lwakhakha na maeneo mengine ya mpakani, wapo wanaouliza: jaji aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka aweza kweli kumtendea haki mshtakiwa? Mfano wa kulijibu swali hilo hauko mbali nasi.

Susan Okalany alitumikia Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akiwa wakili wa serikali. Alikuwa miongoni mwa walioendesha kesi ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70. Washtakiwa 13 walitoka Uganda, Kenya na Tanzania. Kesi ilianza kusikilizwa Machi 2015. Tarehe 30 mwezi huo huo Joan Kagezi, aliyeongoza upande wa mashtaka, akauawa kwa kupigwa risasi jijini Kampala. Wenzake waliendelea na kazi aliyoiacha. Mei 2016 Jaji Alfonse Owiny-Dollo aliwatia hatiani washtakiwa 8, na 5 akawaona hawana hatia. Hata katika msiba mkubwa kiasi hicho, kila mshtakiwa alipimwa kwa ushahidi uliomhusu yeye.

Mwaka 2018 Okalany aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na baadaye akahudumu mjini Mbale. Njia hiyo si ngeni nchini. Richard Buteera alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka hadi 2013, kisha akawa jaji wa Mahakama ya Rufani na Naibu Jaji Mkuu. Mike Chibita na Jane Frances Abodo walitoka Mahakama Kuu kwenda kushika ukurugenzi huo. Katiba yenyewe, Ibara ya 120, yataka Mkurugenzi awe na sifa za kuteuliwa jaji wa Mahakama Kuu.

Hata hivyo, kazi hizi ni mbili mbalimbali. Polisi hupeleleza na kuandaa jalada. Mwendesha mashtaka hulisoma na kuamua kama ushahidi unatosha kumfikisha mtu mahakamani. Katika uamuzi huo Katiba haimruhusu mtu yeyote kumwamuru. Jaji husikiliza pande zote mbili. Ibara ya 28 humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe, na mzigo wa kuthibitisha huubeba upande wa mashtaka. Jaji hapaswi kusikiliza kesi aliyoishughulikia alipokuwa mwendesha mashtaka. Mshtakiwa au wakili wake ana haki ya kumwomba ajitoe.

Aliyewahi kubeba jalada hujua vema mapungufu yake: maelezo ya shahidi yasiyotiwa saini, kielelezo kisichojulikana kilipita mikononi mwa nani, shahidi aliyeahidi kuja asionekane. Ujuzi huo haumfanyi awe rafiki wa polisi. Humwezesha kutambua upesi penye ushahidi na penye dhana tupu.

Kwa sisi tuishio mpakani, hapo ndipo penye uzito. Mwizi wa ng'ombe au msafirishaji haramu wa watoto huvuka upande wa pili kwa muda mfupi, na shahidi naye huweza kuvuka. Shahidi asipofika, jaji hana budi kuamua kwa yale aliyoyasikia. Mtu akiachiwa kwa sababu hiyo, tusikimbilie kusema jaji amehongwa.

Basi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Unapotoa maelezo kituoni, omba usomewe kabla ya kutia saini. Ukihamia ng'ambo, mwachie mpelelezi namba ya simu na mahali unapopatikana. Ukiogopa kutoa ushahidi, mweleze mpelelezi au mwendesha mashtaka mapema. Na ndugu yako akikamatwa, kumbuka kwamba Ibara ya 23 yataka asiyeachiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Haki hiyo ni yake hata kama kijiji kizima kimekwisha kumhukumu.