Mtoto Huyu Aende Wapi?

Tarehe 18 Desemba 2023 Roma ilitoa tangazo liitwalo Fiducia Supplicans. Liliwaruhusu mapadri kuwabariki, nje ya ibada, hata watu wawili wa jinsia moja waishio pamoja, mradi baraka hiyo isifanane na ndoa. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, akaandika kwamba baraka ya namna hiyo haifai kwetu. Wakristu wengi walishangilia.

Lakini barua ile ina neno la pili, nalo limesahauliwa upesi: watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima. Katekisimu nayo, namba 2357 hadi 2359, yakataza matendo hayo na kumwita mtu huyo kwenye usafi wa moyo. Tena yaamuru apokewe kwa huruma, wala asibaguliwe isivyo haki. Kuyaandika hayo mawili pamoja ni rahisi. Kuyaishi nyumbani ni kazi nyingine.

Tufikiri juu ya mama auzaye ndakala huku Kalemie. Mwanawe, mwimbaji wa kwaya, amemwambia usiku mmoja kwamba hajapata kuwatamani wanawake. Baba asema: aoe, yatakwisha. Shangazi yu tayari kumtafutia binti.

Wazazi wenzetu, hapo tuwe waangalifu sana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1103, yasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni batili. Na yule binti je? Ataulizwa kila mwezi kwa nini hana mimba, wala hatajua kosa lake ni lipi.

Wengine watasema afukuzwe. Papa Fransisko, siku chache kabla ya kufika Kinshasa Januari 2023, alitutaka tutofautishe dhambi na jinai. Naye akirudi kutoka Juba tarehe 5 Februari alisema kwamba kuwahukumu watu hao ni dhambi.

Kijana mwenyewe aamini, aungama, ataka kutii. Useja wa padri una wenzake mezani na heshima ya watu. Useja wa kijana huyu una nini? Akiingia, mazungumzo yakatika.

Mama wa namna hii haulizi habari za Roma. Auliza kama Jumapili mwanawe aweza kurudi kwenye kwaya, na kama jirani watasogea kidogo, wote wawili wapate kuketi.