Asilimia ya Nini? Chimbuko la Makosa Mengi katika Hesabu za Biashara Ndogo

Hesabu za kuendeshea duka la rejareja hazizidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, mambo ambayo kila aliyemaliza shule ya msingi amefundishwa, na hata hivyo wafanyabiashara wengi hufunga mwezi wasijue fedha zimekwenda wapi. Mara nyingi kikokotoo kimetoa jibu sahihi la swali lisilo sahihi, kwa kuwa asilimia, ambayo ni sehemu ya mia ya kiasi fulani, haina maana yoyote mpaka kiasi hicho kitajwe.

Mfuko wa sukari wa kilo 50 unatosha kuwa mfano. Mwenye duka akiununua kwa bei ya jumla ya shilingi 130,000 na kuuza kila kilo kwa shilingi 3,000, hujihesabia mauzo ya shilingi 150,000 na faida ya shilingi 20,000. Hesabu hiyo imesahau usafiri wa shilingi 5,000, ambao ni sehemu ya gharama ya bidhaa sawasawa na bei ya kununulia, na imesahau pia kwamba sukari inayopimwa robo na nusu kilo hupungua, kwa kumwagika na kwa mkono mwepesi wa mpimaji, ambaye pengine ni mwenye duka mwenyewe anayemridhisha mteja wake. Ikipotea kilo moja tu, mauzo huwa shilingi 147,000, gharama shilingi 135,000, na faida ghafi, yaani tofauti kati ya mauzo na gharama ya bidhaa zilizouzwa kabla ya kutoa pango, umeme na mishahara, hubaki shilingi 12,000.

Faida hiyo ikigawanywa kwa gharama ni asilimia 8.9, na ikigawanywa kwa mauzo ni asilimia 8.2. Kipimo cha kwanza humsaidia muuzaji kupanga bei, kwa kuwa huonyesha ameongeza kiasi gani juu ya alichotumia; cha pili huonyesha ni sehemu gani ya kila shilingi inayoingia dukani inayoweza kulipia matumizi mengine. Kwa sukari vipimo hivi vinakaribiana, lakini kwa nguo inayonunuliwa shilingi 10,000 na kuuzwa shilingi 20,000, cha kwanza ni asilimia 100 na cha pili ni asilimia 50, na anayevichanganya hujiona tajiri maradufu.

Kutoka hapo hupatikana kiwango cha mauzo kisicholeta faida wala hasara. Gharama za kudumu, ambazo hulipwa hata siku ambayo hakuna mteja, zikiwa shilingi 240,000 kwa mwezi, na duka likitegemea sukari peke yake, itabidi iuzwe mifuko 20, yaani shilingi 240,000 zigawanywe kwa shilingi 12,000. Aliyeamini kwamba kila mfuko humpa shilingi 20,000 angehesabu mifuko 12, na angeanza kula mtaji akidhani anakula faida.

Punguzo la bei lina mtego uleule. Bidhaa iliyogharimu shilingi 80,000 ikiongezewa asilimia 25 huuzwa shilingi 100,000, lakini bei hiyo ikipunguzwa kwa asilimia 25 hushuka hadi shilingi 75,000, chini ya gharama, kwa kuwa asilimia ya pili imechukuliwa juu ya kiasi kikubwa zaidi. Vivyo hivyo kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani: pale kiwango kinapokuwa asilimia 18, kodi iliyomo ndani ya bei ya shilingi 118,000 ni shilingi 18,000, inayopatikana kwa kuzidisha bei kwa 18 na kugawanya kwa 118, wala si shilingi 21,240 anazopata mtu anayetafuta asilimia 18 ya bei yote.

Gharama kubwa zaidi ya kutouliza “asilimia ya nini?” huonekana katika mikopo. Mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, unaweza kuwa na bei mbili tofauti kabisa. Riba ikikokotolewa juu ya salio, yaani deni lililobaki, na mkopaji akirejesha shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi, riba huanza na shilingi 24,000, hushuka mwezi hadi mwezi, na jumla yake huwa shilingi 156,000. Ikikokotolewa juu ya mkopo wa awali, hubaki shilingi 24,000 kila mwezi na kufikia shilingi 288,000, ingawa mkataba umeandika asilimia 2 ileile. Na katika mwezi wa 12, mkopaji anayedaiwa shilingi 100,000 tu za mkopo huwa analipa riba iliyo sawa na asilimia 24 ya deni lake kwa mwezi huo mmoja.