Saratani Inayotoa Muda wa Kuiwahi

Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kinahitaji taa, pamba na asidi ya siki iliyozimuliwa hadi asilimia 3 au 5. Muuguzi aliyefunzwa huipaka kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama. Sehemu yenye seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Hakuna sindano, hakuna kulazwa, wala majibu ya kusubiri kutoka maabara.

Hata hivyo wengi hawafiki, na si kwa uzembe. Siku ya mama mwenye genge ina watoto wa kuandaa, mzigo wa kufuata sokoni na marejesho ya vikoba yasiyosubiri. Tarehe ya kliniki ya mtoto haikosi. Zamu yake mwenyewe huisogeza mpaka aumwe. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, huko kungoja maumivu ndiko kunakoua, kwa kuwa hatua za mwanzo haziumi. Mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 duniani walifariki kwa ugonjwa huu, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Chanzo kinajulikana. Mwaka 1983 na 1984, timu ya Mjerumani Harald zur Hausen ilitambua virusi vya HPV aina ya 16 na 18 ndani ya uvimbe wa saratani hii, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya visa vyote. Aina ya 18 ilikutwa hata kwenye seli za Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyefariki Baltimore mwaka 1951 akiwa na miaka 31, seli ambazo maabara za dunia bado zinazikuza. Yeye alifika hospitali akiwa tayari anatokwa damu, na wakati huo hakuna aliyejua habari za HPV.

Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi huvipata bila kujua. Mara nyingi kinga ya mwili huvifukuza ndani ya miaka miwili. Vikibaki, huzima protini zinazoizuia seli kujigawa ovyo, lakini kazi hiyo huenda polepole mno: miaka 15 hadi 20 mpaka saratani kamili. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, huweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu.

Muda huo wote ni nafasi ya tiba. Mabaka meupe mengi huunguzwa kwa kifaa cha joto au kugandishwa siku hiyohiyo, na mgonjwa akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mabinti nao wana chanjo: Tanzania ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2018, na tangu 2024 dozi moja inatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama asijisahau kwa sababu binti amechanjwa.

Mwanamke aliyefikisha miaka 30, au 25 akiwa na VVU, aulize kituo cha afya cha karibu siku gani wanapima, na kipimo cha siki akirudie kila baada ya miaka mitatu. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi asingoje siku hiyo: aende hospitali leo.