Kelele Ninazolipwa Kuziondoa

Kazi yangu ni kuondoa kelele. Mtu analeta redio inayovuma, nabadilisha kapasita iliyovimba, mvumo unakoma, ananilipa. Mwingine analeta spika inayokoroma, naifungua, nakuta karatasi imechanika au koili inakwaruza sumaku, naisuka upya, ananilipa. Niko kwenye karakana hii ya Buguruni, Dar es Salaam, tangu enzi za kaseti, na sikio langu limezoea kusikiliza nyuma ya wimbo: mwimbaji anasema lake, mimi natega kusikia chombo kinasema nini. Wenzangu wakipigiwa bendi ya Msondo Ngoma wanainuka kucheza. Mimi nabaki nimeinamisha kichwa, nachunguza kama tarumbeta za upande wa kushoto zinatoka sawa na za kulia.

Sasa nina mpwa anayesomea mambo ya kurekodi muziki. Huyu ndiye aliyeanza kuniletea muziki wa pop wa siku hizi unaoitwa wa majaribio, ule wa watu ambao hawataki wimbo ukae kama wimbo tuliouzoea. Humo nikakuta kila kitu ninacholipwa kukiondoa: mpasuko, mkwaruzo, mvumo, sauti iliyopindishwa na mashine. Na vyote vimewekwa kwa makusudi na watu waliosoma, ndani ya studio zenye vifaa ambavyo mimi naviona pichani tu.

"Mjomba," aliniambia siku ya kwanza, "sikiliza hii, lakini kwanza weka bisibisi chini."

Hiyo ilikuwa Double Negative, albamu ya mwaka 2018 ya kundi la Low. Nguzo za Low zilikuwa mume na mke, Alan Sparhawk na Mimi Parker, kutoka Duluth, mji wa bandari katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Walianza mwaka 1993 na wakajulikana kwa nyimbo za polepole mno, ngoma ikiguswa tu, sauti zao mbili zikiimba kwa kuegemeana. Miaka kama 25 baadaye wakaingia studio ya April Base huko Wisconsin na mtayarishaji BJ Burton, wakatoka na kitu ambacho kingeletwa mezani kwangu ningekitafutia hitilafu kuanzia kwenye waya wa umeme.

Nieleze kinachosikika humo, maana wengi husema "kelele" wakaishia hapo. Sauti ni wimbi, linapanda na kushuka. Amplifaya ina kikomo cha umeme inaoweza kuutoa. Ukiisukuma kupita kikomo hicho, wimbi haliwezi kupanda tena, kilele chake kinakatwa na kuwa bapa. Sikio linausikia mkato ule kama mpasuko. Ndiyo sababu spika za baa hulia vibaya saa saba za usiku, mlevi mmoja akishazungusha kitufe mpaka mwisho. Katika Double Negative mpasuko huo umetandazwa kama kitambaa cha meza, na mengine yote yamewekwa juu yake. Halafu kuna jambo la pili: besi ikipiga, waimbaji wanazama, besi ikinyamaza, wanaibuka tena. Aliyewahi kuwa na redio ya mkulima yenye betri zinazokwisha anaijua tabia hiyo. Kila pigo la besi linanyonya umeme wote, taa inafifia, mtangazaji anamezwa.

Wimbo wa kwanza, "Quorum", ulinikera. Vidole vilikuwa vinatafuta bisibisi. Lakini ulipofika ule uitwao "Fly", Mimi Parker akaingia kwa sauti ya juu, nyembamba, na nikagundua kwamba nimeacha kuchunguza chombo. Nilikuwa namsikiliza yeye. Nadhani sababu ni hii: katika rekodi safi mwimbaji tunapewa tu, hatumtafuti. Huku inabidi umtafute, na ukishampata humwachi.

Mimi Parker alifariki kwa saratani Novemba 2022. Septemba 2024 mumewe akatoa albamu, White Roses, My God, na humo sauti yake aliyoimba nayo miaka yote haipo. Ameipitisha kwenye mashine inayopandisha na kuvuta noti, mpaka humjui ni mwanamume, mwanamke au mtoto. Hapa pana historia fupi inayofaa kujulikana. Mashine za aina hiyo zilipata umaarufu kupitia Auto-Tune, programu iliyotolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mhandisi ambaye kabla ya hapo hesabu zake za mawimbi zilikuwa zinatafuta mafuta chini ya ardhi. Kusudi lake lilikuwa kuficha: mwimbaji akitoka kidogo nje ya noti, programu inamrudisha taratibu na msikilizaji hajui. Mwaka uliofuata wimbo wa Cher, "Believe", ukatumia programu hiyo kwa kasi ya juu kabisa, sauti ikawa inaruka kutoka noti hadi noti bila kupita katikati, na dunia nzima ikasikia. Bongo Fleva yetu nayo imeogelea humo miaka mingi, mara nyingi kwa sababu ya kawaida tu, kwamba kijana hawezi kuimba.

Kwa Sparhawk sababu ni nyingine, na sikuhitaji kuelezwa. Watu huniletea kaseti zenye sauti za wazazi waliofariki. Wanataka nitoe mvumo, nitoe mkwaruzo, ibaki sauti ya mama peke yake, safi, kama amekaa pale kwenye benchi. Nawafanyia, na nimeona watu wazima wakilia mbele ya kaunta yangu. Huyu mgane wa Duluth amekwenda njia ya kinyume. Ni kama hawezi kuisikia sauti yake ikiimba bila ile ya pili iliyoizoea, basi ameivunja. Albamu yenyewe siipendi sana, nyimbo kadhaa zinaishia kama michoro isiyokamilika. Ila nimeirudia kuliko nyingi ninazozipenda.

SOPHIE ni habari tofauti, na hapa namsifu mtu kama fundi anavyomsifu fundi. Alikuwa mtayarishaji wa Uskoti. Watayarishaji wengi hukusanya sauti zilizokwisha kurekodiwa, ngoma hapa, kofi pale, wakazipanga. SOPHIE alipenda kuanza na umeme mtupu kwenye Monomachine, kifaa cha kampuni ya Elektron ya Sweden, na kufinyanga wimbi mpaka lilie kama chuma, mpira au povu. Sikiliza "Lemonade" ya mwaka 2014: mapovu yanapasuka masikioni na hakuna tone la maji lililorekodiwa. Mimi nimeshika ala ya kupima mawimbi maisha yangu yote na sijui angeanzia wapi. Mwaka 2016 alimtengenezea mwimbaji Charli XCX nyimbo za "Vroom Vroom", ambazo wakosoaji kadhaa walizikejeli kwa kuzidi ukali. Miaka minane baadaye Charli alipotoa albamu ya Brat, ladha ileile ilikuwa imeshika dunia. SOPHIE hakuiona siku hiyo. Alianguka kutoka mahali pa juu mjini Athens Januari 2021, akafariki akiwa na miaka 34.

Mpwa wangu alidhani ananifungulia mlango wa ugenini. Nikamwambia aketi nimweleze habari za Kinshasa.

Mzee Mingiedi alikuwa mpigaji likembe, ile ala ya vijiti vya chuma juu ya ubao, na mwaka 1966 akaanzisha kundi la Konono N°1. Likembe ni ala ya sauti ndogo, na Kinshasa ni mji wa kelele kubwa. Wakatengeneza maiki zao kwa sumaku walizochomoa kwenye magari mabovu, wakazifunga kwenye likembe, wakatoa sauti kwa vipaza vya bomba. Mfumo kama huo lazima upasue sauti, hauna namna. Mpasuko uliingia bila kualikwa, wakaukuta mtamu, ukabaki. Albamu yao Congotronics ilitolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2004, na mwaka 2007 Björk wa Iceland, malkia wa pop ya majaribio kwa wengi, akawaweka kwenye wimbo wa kwanza wa albamu yake Volta. Kwa hiyo mnyororo wa kelele hizi una kiungo kimoja kilichochomelewa na mafundi wa Kongo kwa vyuma chakavu. Nikiwasikiliza Konono sisikii majaribio yoyote. Nasikia wenzangu wa kazi.

Mchiriku je? Huo naujua kwa mikono. Vile vinanda vidogo vya Casio, vya kuchezea watoto, viliunganishwa na amplifaya zilizokwisha kuchoka, na Dar nzima ya uswahilini ikakesha. Jagwa Music wa Mwananyamala walipeleka sauti hiyo Ulaya kwa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012. Kisha singeli ikaja, kutoka Manzese, Tandale na mitaa jirani: vipande vya taarabu na vinanda vinavyozungushwa kwa kompyuta, kasi inapita mapigo 200 kwa dakika, wakati mwingine inakaribia 300. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na wasikilizaji wa Ulaya wakaiweka kwenye rafu ya muziki wa majaribio. Siwalaumu. Ila kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya kukesha, hakuna mtu anayejaribu kitu. Watu wanacheza, na anayelala ni jirani mgonjwa.

Mteja mmoja aliwahi kuniletea spika ya bluetooth akisema inakoroma. Akaniwekea singeli aliyoitumia kuipima. Nikamwekea mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, gitaa likatoka safi kama siku lilipopigwa. Nikamrudishia spika yake bila kumtoza. Hapo ndipo ulipo ufundi wa kutofautisha: hitilafu ya kweli mara nyingi haina adabu ya muda. Inakuja chombo kikipata joto, inaondoka ukigonga kasha, inatokea katikati ya neno. Ile ya makusudi inarudi palepale kila ukirudia wimbo, na mara nyingi inafuata mapigo.

Hiyo haina maana kwamba kila cha makusudi ni kizuri. 100 gecs, vijana wawili wa Marekani, walitoa 1000 gecs mwaka 2019, dakika kama 23 za sauti za katuni, gitaa la kupasua na vicheko, na mpwa wangu anaapa ni kazi ya akili kubwa. Nimesikiliza mpaka mwisho. Kwa Low, chini ya mpasuko kuna mtu anahangaika kutoka. Kwa Konono kuna ngoma ya sherehe. Hawa nimewachimba na nilichokikuta ni mpasuko mwingine.

Anayetaka kuanza namshauri jambo moja la kifundi: asisikilize kwa spika ya simu. Kile kispika hakina uwezo wa besi, na ukikipandisha kinaongeza mpasuko wake juu ya ule wa msanii, usijue umekerwa na nani. Tafuta spika za masikioni hata za bei ya chini, zenye waya, anza na Congotronics kwa sauti ya wastani, kisha "Lemonade", kisha Double Negative usiku watoto wakishalala. Singeli usubiri mtaa ukuletee wenyewe. 100 gecs mpwa wangu anaruhusiwa kuisikiliza kwao.