Uzi wa kioo unaobeba bei ya samaki wetu

Saa kumi na mbili asubuhi, Vitshumbi. Mitumbwi imerudi toka ziwa Edouard, tilapia zimejaa mabeseni. Mama muuzaji toka Kiwanja amekwisha kupatana bei na mvuvi na anataka kulipa kwa simu. Anabonyeza mara ya kwanza, mara ya pili: rezo hakuna. Jua linapanda. Samaki hajui kungoja.

Katika mikutano ya koperative mnatuuliza kila mara: mnara tunauona umesimama pale, sasa ni nini imekatika? Mara nyingi kilichokatika kiko mbali, chini ya udongo au chini ya bahari. Ni uzi wa kioo. Tuuangalie pamoja, toka kiwandani mpaka kwenye simu ya mama huyu.

Unatengenezwa namna gani?

Si kioo cha dirisha. Ni kioo safi sana, kisicho na uchafu hata kidogo. Kiwandani wanaanza na fimbo nene ya kioo. Wanaisimamisha juu ya mnara mrefu na kuipasha ncha moto wa digrii karibu 2,000. Ncha inalainika na kudondoka kama asali, mashine inaivuta iwe uzi. Gawanya milimita moja mara nane: huo ndio unene wake. Njia ya mwanga, katikati ya uzi, haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Uzi unapakwa plastiki palepale, kisha unapewa rangi: bluu, chungwa, kijani na nyingine, ili fundi asichanganye. Nyuzi nyingi zinafungwa pamoja ndani ya koti gumu jeusi. Hiyo njo kebo.

Ndani hakupiti umeme kama kwenye waya wa shaba, paka mwanga. Wavuvi mnajua kuonyeshana taa usiku ziwani: kuwasha na kuzima kunabeba habari. Hapa taa ni ya leza, inawaka na kuzima mara mabilioni kwa sekunde moja. Charles Kao ndiye aliyeonyesha mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vizuri kinaweza kubeba ujumbe mbali. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel juu ya kazi hiyo.

Unalazwa na kuunganishwa namna gani?

Wafanyakazi wanachimba mtaro pembeni ya barabara, mara nyingi wa karibu metre moja kwenda chini. Wanalaza bomba la plastiki, wanafunika udongo, na juu yake wanaweka utepe wa rangi wa kuonya mwenye jembe. Kisha mashine ya upepo inasukuma kebo ndani ya bomba. Pengine kebo inatundikwa juu ya nguzo. Huku kwetu kuna jambo zaidi: Vitshumbi iko ndani ya Parki ya Virunga, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuchimba mtaro bila ruhusa ya ICCN.

Kazi ngumu ni kuunganisha. Fundi anamenya plastiki, anasafisha uzi kwa alkoli, anaukata sawasawa. Mashine ndogo inalinganisha ncha mbili na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme mpaka ziwe kitu kimoja. Vumbi kidogo tu linaharibu kazi yote. Uzi ukikatika, fundi anatuma mwanga ndani na kupima unavyorudi. Hapo anajua pa kuchimba ni metre ngapi toka aliposimama.

Toka Goma, bahari ya karibu iko upande wa mashariki: Mombasa ni karibu kilomita 1,200 kwa mstari wa ndege. Muanda, kwenye pwani ya Congo yenyewe, ni karibu 1,900. Safari nzima toka pwani mpaka kwetu si ya uzi peke yake. Vijijini mara nyingi mnara unatupia mnara mwingine ujumbe hewani, mpaka pale uzi unapoanzia.

Njo maana shida ya mbali inatufikia. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Hapa karibu, tunakumbuka Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021: lava ilikata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Njia ikiwa moja tu, ikikatika, wote tunanyamaza.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tusiiguse kebo. Kuna wanaokata wakidhani watapata shaba ya kuuza. Kwenye kioo hakuna shaba, na jembe moja linaweza kunyamazisha mji mzima. Ukiona utepe ukilima, acha kuchimba, rudisha udongo, mwarifu chefu wa mtaa.

Pili, usichungulie ncha ya uzi uliokatika: mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho. Watoto wasichezee vipande, vinachoma ngozi kama mwiba.

Tatu, koperative iweke daftari. Bei iulizwe jioni, wakati rezo ipo, na iandikwe. Rezo ikipotea asubuhi, muuzaji na mvuvi watie sahihi mbele ya shahidi, malipo yafuate siku ileile rezo ikirudi. Chumvi na kuni za kukausha ziwe tayari siku zote.

Nne, kampuni ikija kuomba kupitisha kebo penye mashamba yenu, ulizeni kabla ya kukubali: mtaro utapita wapi, mazao yatalipwa namna gani, na vijana wa hapa watapata kazi ya kuchimba? Majibu yaandikwe, yawekwe kwenye sanduku la koperative.

Uzi ni mwembamba, lakini unabeba jasho la usiku mzima. Tuulinde, na daftari lisikose kalamu.