Bembelezi la Mto Tana na Wimbo wa Taifa

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Garsen, alinijia ofisini kwa haya nyingi. "Daktari," alisema, "kuna wimbo ambao nyanya alinibembelezea nikiwa mdogo. Maneno yamenitoka, lakini lahani yake ni ile ya Wimbo wa Taifa." Alipokuwa shule ya msingi aliwahi kuuimba uwanjani kwa mwendo wa nyumbani, akachapwa kwa kosa la kuidhihaki nchi. Tangu siku hiyo aliamini kwamba nyanyake aliiokota lahani redioni, akaitilia maneno ya kipuuzi.

Nilimwomba auvumishe. Kati ya maneno yote alikumbuka mwisho mmoja tu, "ehuu", uliorudi tena na tena, na ambao yeye aliudhani kuwa pumzi ya mwanamke aliyechoka.

Hapo isimu ilitufaa kidogo. Sauti t ya Kiswahili hujitokeza kama h katika baadhi ya lugha ndugu zake za kundi la Sabaki. Tusemapo "tatu", Mgiriama husema "hahu". "-Etu" yetu, kwake na kwa Mpokomo, ni "-ehu". Kumbe nyanya hakuwa akihema! Alikuwa akisema kwamba mtoto ni wetu. Hata hivyo, neno moja lisilotofautisha Kipokomo na Kigiriama si ushahidi wa kutosha, nasi tukafunga safari.

Garsen ni pale barabara ya kutoka Malindi kwenda Lamu inapoufikia Mto Tana. Katika kijiji kimoja ukingoni, penye migomba na miembe, tulimkuta ajuza aliyekuwa tayari mama wa watoto wakati bendera ya Kenya ilipopandishwa mwaka 1963. Mwenzangu alipovuma, ajuza alicheka. "Mwanangu, huo si wimbo, huo ni usingizi." Kisha akauimba wote, mkono ukipigapiga goti. Mlikuwa na mnyama wa kutisha ndani yake, na mahali pa kutaja jina la mtoto, ambalo kila nyumba hutia lake. Yeye mwenyewe, alisema, alilazwa nao na nyanyake.

Basi aliyeokota si nyanya. Mwaka huohuo wa 1963, kamati ya wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa kabla ya Desemba 12. Lahani waliyoichagua ni ya bembelezi la Kipokomo. Wakaipangia sauti za kwaya na bendi, wakaitungia maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza. Baadaye magazeti yalimtaja Mzee Meza Galana wa Tana River kuwa ndiye aliyewapa wimbo huo.

Siilaumu kamati. Kuchagua wimbo wa akina mama mahali pa wimbo wa vita lilikuwa jambo la busara, na huzuni iliyomo katika lahani ile huipa paredi zetu utulivu usio wa kawaida. Linaloniudhi ni kwamba vitabu hutaja "bembelezi la Kipokomo" kwa mstari mmoja, kisha vikapita, kana kwamba Wapokomo walitoa mlio tu bila maneno. Mwalimu aliyeshika kiboko siku ile huenda aliufundisha mstari huo darasani.

Watu wameniuliza yapi hasa ni maneno ya asili. Swali hilo halina jibu moja. Kipokomo cha juu ya mto hakisemwi kama cha chini, na bembelezi halikuandikwa na mtu ili lihifadhiwe. Hubadilika mgongoni mwa kila mama. Ndiyo maana nilimshauri kijana arekodi kwa simu kila toleo atakalolipata, kuanzia Garsen hadi Hola, bila kulisahihisha.

Alianza kwa kumpelekea nyanyake lile la ajuza. Bibi siku hizi hasemi sana. Alisikiliza hadi pale penye jina, akainua mkono kuizima simu, akaanza upya mwenyewe, na kutia jina la mjukuu wake.