Sindano Iliyogoma Kuzama

Sindano ya kushonea ikitumbukia majini huzama, hilo halina ubishi. Haya, leteni bakuli la maji tubishe.

Mtu mzima awe karibu, maana sindano haichagui kidole. Bakuli lisuuzwe mara tatu, lisibaki hata harufu ya sabuni. Mimi mara ya kwanza nilichukua lililotoka kuoshwa muda ule ule. Sindano ikazama, nikaiopoa, ikazama tena, hadi bibi akauliza navua nini humo.

Kata kipande cha tishu kirefu kidogo kuliko sindano, ukilaze juu ya maji yaliyotulia. Pitisha sindano kwenye nywele ipate mafuta kidogo, kisha ilaze juu ya tishu taratibu, kama unamlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Ngoja. Tishu italowa, isukume chini pembeni kwa njiti ya kiberiti mpaka izame. Sindano inabaki juu!

Usishangilie bado. Inama mpaka jicho liwe sawa na maji. Unaona yalivyobonyea chini yake, kama godoro lililolaliwa? Sasa izamishe kwa njiti. Hairudi. Kipande cha mbao ukikizamisha huibuka, lakini chuma ni kizito kuliko maji karibu mara 8. Kwa hiyo sindano haikuwa ikielea kama mtumbwi. Ilikuwa imelalia kitu.

Maji ni chembe ndogo mno, molekuli, na kila moja huwavuta wenzake. Za katikati huvutwa kila upande. Za juu kabisa hazina wenzao juu yao, basi huvutwa pembeni na chini tu. Ndiyo maana uso wa maji hujikaza kama ngozi ya ngoma, ingawa ngozi hii huwezi kuibandua. Wale wadudu wa miguu mirefu wanaoteleza juu ya dimbwi huitegemea hiyo hiyo.

Irudishe sindano juu. Chovya njiti kwenye sabuni ya maji, gusa maji mbali na sindano. Sindano itakimbia kuikwepa sabuni, au itazama papo hapo, kwa kuwa sabuni hulegeza mvutano ule. Bakuli langu nalo lilikuwa na mabaki ya sabuni, na mimi namlaumu shetani.

Huko Braunschweig, Ujerumani, Agnes Pockels, aliyeupima mvutano huo, hakusoma chuo kikuu. Enzi zake wasichana hawakupokelewa. Alikuwa nyumbani akiwatunza wazazi. Jikoni akatengeneza chombo cha bati, akatundika kifungo kidogo kwenye mizani, akapima nguvu inayotakiwa kukibandua kwenye uso wa maji. Mwaka 1891 barua yake kwa mwanasayansi Mwingereza, Rayleigh, ilichapishwa katika jarida la Nature.

Nani ana sarafu? Ikaushe, idondoshee maji kwa mrija, tone moja moja, uone yanavyovimba kama kipara kabla ya kumwagika. Ila kila mtu akisie kwanza idadi ya matone, aiandike, na asifute.